Mfugaji Alipwe Upesi, Hata Ikiwa Kidogo

Mei 2023, katika muda wa wiki moja, simba 10 waliuawa kwenye nyanda zinazoizunguka Mbuga ya Amboseli, Kaunti ya Kajiado. Sita kati yao walichomwa mikuki siku moja huko Mbirikani, baada ya kuua mbuzi 11. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameuawa Loonkiito, simba dume wa miaka 19, umri ambao simba wa porini huufikia kwa nadra sana. Dunia nzima iliandika habari za simba hao, na ilikuwa haki ziandikwe. Mbuzi 11 walitajwa kwa sentensi moja, kisha habari ikaendelea. Lakini wafugaji wa eneo hilo walikuwa ndio kwanza wanatoka kwenye ukame ambao misimu mitano mfululizo ya mvua iligoma, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini Kenya, na mbuzi waliobaki ndio waliokuwa karo, chakula na akiba. Anayetaka kuelewa mikuki ya Mbirikani lazima aanze na hesabu ya mbuzi hao.

Sheria ya Kenya haijamsahau mfugaji. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inasema katika kifungu cha 25 kwamba mtu ambaye mifugo yake imeuawa na wanyama waliotajwa kwenye jedwali lake, wakiwamo simba, chui, fisi, duma na mbwamwitu, anaweza kudai fidia, na dai likikubaliwa atalipwa kwa bei ya soko. Kifungu hicho kinataja bei. Kinataja kamati ya kaunti itakayothibitisha dai, na kinataja hata mahali pa kukata rufaa. Siku ya kulipa hakikuitaja. Hoja yangu imesimama hapo. Fidia ya mifugo hupimwa kwanza kwa siku inapofika, kisha ndipo kwa wingi wake, na serikali isiyoweza kulipa bei kamili kwa wakati ingefanya vyema kulipa sehemu ya bei hiyo ndani ya mwezi mmoja kuliko kuendelea kudaiwa bei kamili kwa miaka.

Njia hii tuliwahi kuipita. Sheria ya 1976 iliruhusu fidia ya mazao na mifugo, lakini kufikia 1989 mpango ule ulikuwa umelemewa na madai ya uongo na usimamizi mbovu. Marekebisho ya mwaka huo yakafuta fidia ya mali, yakabakiza ya kifo na majeraha. Kwa takriban miaka 24 mfugaji aliyeamka akakuta zizi limevunjwa hakuwa na ofisi ya kuiendea na dai lake. Hata fidia ya kifo chenyewe ilikuwa ya kufedhehesha: kwa muda mrefu familia ya aliyeuawa na tembo au nyati ilipewa Sh30,000, baadaye Sh200,000. Bunge la 2013 lilikuja kurekebisha dhuluma hiyo kwa mkono mkunjufu. Kifo kikawekewa Sh5 milioni, ulemavu wa kudumu Sh3 milioni, majeraha mengine hadi Sh2 milioni, na mifugo bei ya soko. Nawaelewa wabunge wale. Kosa lao ni kwamba walipandisha viwango bila kutenga chanzo cha fedha kinacholingana navyo, na tangu hapo mawaziri wamefuatana mmoja baada ya mwingine wakirithishana malimbikizo yaliyofikia mabilioni ya shilingi.

Katika malimbikizo hayo mifugo ndiyo inayosukumwa nyuma, na sababu ni rahisi kuiona. Tukimkadiria ng'ombe mmoja kwa Sh50,000, kwa ajili ya hesabu tu, dai moja la kifo ni sawa na madai ya ng'ombe 100. Fedha zinapotoka kidogo kidogo katika Hazina ya Taifa, hakuna ofisa mwenye utu atakayelipa ng'ombe 100 huku mjane amekaa barazani akisubiri, na hapaswi kufanya hivyo. Lakini maana yake ni kwamba tumeweka maisha ya binadamu na mali yake kwenye foleni moja, na tunajua tangu asubuhi nani atafika mbele ya dirisha jioni. Mbuzi wa Sh6,000 hatafika kamwe. Mwenye mbuzi naye huambiwa asubiri, na kusubiri kwake hakumpunguzii mjane hata siku moja, kwa kuwa jumla ya madai ya mbuzi wote ni ndogo mno ikilinganishwa na deni la vifo.

Kuchelewa si usumbufu wa kiofisi tu. Kunaharibu fidia yenyewe, na kunaanza kuiharibu saa ile ile mnyama anapoanguka. Mzoga ni shahidi, na shahidi huyu hakai. Simba humkaba ng'ombe koo au kumvunja shingo, na mara nyingi huacha mikwaruzo ya kucha kwenye mabega na mgongo. Chui huacha matundu madogo ya chonge kooni, kisha akiweza huuburuta mzoga mbali. Fisi hupasua tumbo na mapaja, huvunja mifupa, na nyayo zake huonyesha kucha ilhali za simba na chui hazionyeshi. Mkaguzi anayejua kazi huchuna ngozi kidogo pale palipoumwa: akikuta damu imevilia chini ya ngozi anajua mnyama aliumwa akiwa hai, na asipoikuta anajua kuwa huenda alikufa kwa ugonjwa, walaji wakaja baadaye. Yote haya yanasomeka asubuhi ya kwanza. Kufikia siku ya pili tumbusi wamemaliza nyama na fisi wamemaliza mifupa, vumbi limefuta nyayo, na kilichobaki ni neno la mfugaji.

Sasa linganisha na njia ambayo dai hupitia. Askari wa wanyamapori wa kituo kilicho karibu anaweza kuwa na gari moja kwa eneo lenye ukubwa wa wilaya nzima ya zamani. Fomu hujazwa, saini hukusanywa, kisha jalada hungoja kikao cha kamati ya kaunti, ambayo ina maofisa wa mifugo, afya na polisi pamoja na wawakilishi wa jamii, na ambayo hukutana pale tu penye fedha za kikao. Likitoka hapo dai hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Huko Nairobi ofisa ambaye hakuona mzoga wala zizi anaombwa aamini karatasi. Haishangazi kwamba anasita. Mimi pia ningesita. Mfumo umemnyima ushahidi, kisha unamwomba uamuzi.

Upande wa mfugaji, muda hula thamani kwa namna nyingine. Mtamba mwenye mimba aliyeliwa leo hakuwa nyama peke yake. Alikuwa maziwa ya watoto kuanzia ndama wake wa kwanza, na katika miaka mitano, hata katika malisho duni, angeweza kuzaa mara tatu. Anayelipwa bei ya mtamba baada ya miaka mitano amepewa bei ya mnyama mmoja aliyepotea pamoja na uzao wake, kwa shilingi ambazo haziwezi tena kumnunua hata huyo mmoja sokoni Kimana au Bissil. Anayelipwa theluthi mbili ya bei hiyo ndani ya mwezi anaweza kununua ndama jike na kuanza tena. Mfugaji anajua hesabu hii bila kufundishwa. Ndiyo maana wengi hawajisumbui hata kuripoti. Nauli ya kwenda kituoni mara tatu inaweza kumaliza thamani ya mbuzi anayedaiwa.

Kwamba inawezekana kulipa upesi si nadharia. Huko huko Mbirikani, kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya kikundi, mpango wa fidia ulioanzishwa mwaka 2003 na wafugaji pamoja na taasisi ya uhifadhi unaofadhiliwa kwa michango umeendeshwa kwa kanuni ambazo serikali ingeweza kuziiga kesho. Wakaguzi ni watu wa eneo lile lile na huenda kuuona mzoga ukiwa bado mbichi. Malipo hutolewa kwa vipindi vinavyojulikana. Hayalingani na bei kamili ya soko. Aliyejenga boma imara hulipwa zaidi kuliko aliyeacha ua una mianya au aliyempoteza mnyama porini jioni. Simba akiuawa na mtu wa eneo, wenzake wote wa eneo hilo hukosa malipo ya kipindi hicho, hivyo kila jirani ana sababu ya kumzuia mwenzake. Utafiti wa Leela Hazzah na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba fidia hiyo ilipunguza mauaji ya simba kwa kati ya asilimia 87 na 91. Mpango mwingine wa eneo lile, unaowaajiri morani kuwafuatilia simba na kuwaonya wafugaji, ulifika asilimia 99, na msomaji azikumbuke takwimu zote mbili, kwa sababu zinaonyesha kuwa fidia ni nguzo moja na si nyumba nzima.

Hapo ndipo mpinzani wa fidia atakaposimama. Simba sita wa Mei 2023 waliuawa Mbirikani, atasema, mahali penye mpango huo ninaousifu. Basi una faida gani? Swali ni zito na halifai kupitwa juu juu. Jibu langu ni kwamba hakuna malipo yanayozuia kila mkuki. Ukame ulikuwa umeondoa wanyama pori wanaoliwa na simba na umewaacha wafugaji na mabaki ya mifugo, na kila mbuzi aliyekufa wiki ile alikuwa na uzito zaidi kuliko mbuzi kumi wa mwaka wa mvua. Kinachopimwa ni miaka, na kwa miaka mingi nyanda zile zimebaki na simba huku zikikaliwa na watu na ng'ombe. Pale ambapo hakuna anayelipa wala anayesikiliza, silaha huwa sumu. Desemba 2015, katika Maasai Mara, kundi la simba lililojulikana kwa watazamaji wa filamu za wanyama lilikula mzoga uliotiwa dawa ya kuulia wadudu baada ya ng'ombe kuuawa. Simba walikufa na wengine wakaugua. Sumu haichagui: tumbusi wanaokuja kula mzoga huo hufa pia. Mkuki humuua aliyekosa, sumu huua kila anayepita.

Pingamizi la pili ni la udanganyifu, na lina historia nyuma yake, maana ndilo lililoua mpango wa 1976. Watu watadai ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa, watadai mbuzi wasiokuwapo, na maofisa watagawana. Nakubali hatari hiyo ipo. Ninachokataa ni dhana kwamba ucheleweshaji ni kinga dhidi yake. Ucheleweshaji ndio rafiki mkubwa wa mwongo. Mzoga ukishatoweka, dai la kweli na dai la uongo hufanana kabisa kwenye karatasi, na anayeshinda ni yule anayemjua mtu ofisini. Mkaguzi aliyefika asubuhi ile ile, akapiga picha za jeraha, nyayo na ua wa zizi kwa simu inayoandika mahali na saa, ni vigumu kumdanganya. Ni vigumu zaidi iwapo majirani wanajua kuwa fedha za kata yao ni zile zile walizotengewa kwa mwaka, na anayeiba anawaibia wao. Katika kijiji cha wafugaji kila mtu anajua idadi ya ng'ombe wa mwenzake na rangi zao. Ujuzi huo ni ukaguzi wa bure, nasi tumeupuuza kwa kupeleka kila jalada Nairobi.

Pingamizi la tatu ni la wachumi. Mwaka 2005 Erwin Bulte na Daniel Rondeau waliandika kwamba fidia inaweza kuwadhuru wanyamapori wenyewe: mfugaji akijua atalipwa hulegeza ulinzi, na ufugaji ukiwa na faida zaidi watu huongeza mifugo na kusogea kwenye makazi ya wanyama. Hoja hii ni ya kweli dhidi ya fidia kamili isiyo na masharti, na ni sababu mojawapo ya mimi kupendekeza malipo ya sehemu. Anayelipwa theluthi mbili bado anapoteza theluthi, hivyo bado ana kila sababu ya kukesha. Sheria yetu ya 2013 ilijaribu kulijibu tatizo hili kwa kusema kwamba asiyechukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake hatalipwa chochote. Nia ni njema, lakini kipimo cha yote au sufuri kinampa ofisa rungu la kukatalia dai lolote, maana zizi lililovunjwa na simba kila mara linaweza kusemwa halikuwa imara. Ngazi tatu za malipo, kama za Mbirikani, ni za haki zaidi: kiwango cha juu kwa boma la matawi mazito au waya lililofungwa, cha chini kwa boma legelege, na cha chini kabisa kwa mnyama aliyeachwa porini usiku. Na fedha kidogo zikitumika kusaidia kuimarisha maboma, madai yenyewe yatapungua. Kitengela, kwenye mpaka wa Mbuga ya Nairobi, Richard Turere alibuni akiwa mtoto taa zinazomweka usiku kuzunguka zizi la baba yake, simba wakadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Taa za namna hiyo zimeenea, na gharama yake si kubwa ukiifikiria pamoja na bei ya ng'ombe mmoja.

Kuna wanaosema pia kwamba simba ni tatizo dogo: ukame na magonjwa huua mifugo mingi kuliko wanyama wote wa porini wakijumlishwa. Ni kweli, na sipendi kuificha. Lakini tofauti ya msingi ni nani mwenye mnyama aliyesababisha hasara. Ukame hauna mwenyewe. Simba ana mwenyewe, naye ni taifa. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tangu hapo mwananchi haruhusiwi kumwinda, kumuuza wala kumla mnyama anayelisha katika ardhi yake. Karibu theluthi mbili ya wanyamapori wa Kenya huonekana nje ya mbuga na hifadhi za serikali, yaani kwenye ardhi za watu. Sensa ya 2021 ilihesabu simba 2,589 nchi nzima, na watalii wanaokuja kuwaona hulipia viingilio, hoteli na ndege. Katiba ya 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ihakikishe faida za mazingira na maliasili zinagawanywa kwa usawa. Anayewalisha simba hao kwa mbuzi wake bila kupenda anagharimia mali ya umma. Kumlipa ni gharama ya kuwa na simba, kama mshahara wa askari wa mbuga ulivyo.

Hata kwenye ukame, ambao hauna mwenyewe, serikali imeonyesha kwamba inaweza kulipa upesi ikitaka. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, kisha ikafikishwa na serikali kwa familia za Wajir na Turkana, hutazama picha za setilaiti za malisho. Nyasi zikipungua chini ya kiwango, malipo hutoka bila mtu kuhesabu mizoga. Mpango wa kukabiliana na njaa katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera huweka fedha kwenye akaunti za familia, na ukame ukizidi idadi ya wanaolipwa huongezwa kwa kipimo hicho hicho cha setilaiti. Hawa ni wafugaji wale wale tunaoambiwa wako mbali mno. Simba hawezi kupimwa kwa setilaiti, na mzoga lazima uangaliwe na jicho la mtu, lakini akaunti zipo, simu zipo, na kiwango kinaweza kupangwa kabla ya msiba. Kinachokosekana ni uamuzi wa kutenga fedha mwanzoni mwa mwaka badala ya kuzitafuta baada ya kelele.

Majirani nao wana la kutufundisha, zuri na baya. Tanzania, kwa kanuni zake za 2011, hutoa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au waliofiwa, kwa viwango vilivyoandikwa; familia ya aliyeuawa iliwekewa Sh1,000,000 za Tanzania. Serikali ile haikuahidi isichoweza, na hilo ni jambo la heshima. Hata hivyo dai husafiri kutoka kijijini hadi halmashauri na kutoka halmashauri hadi wizarani, na wabunge wake wamekuwa wakilalamikia ucheleweshaji mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: malipo kuwa madogo hakuyafanyi yawe ya haraka. Namibia, katika sera yake ya 2009, ilichukua hatua iliyokosekana kwetu sote wawili. Ilikataa kuahidi fidia kamili, kisha ikaziweka fedha kwenye hifadhi za jamii, ambazo humlipa mwanachama wao kwa kiwango kinachojulikana bila jalada kwenda Windhoek kuamuliwa kwanza. Uamuzi uko karibu na mzoga. Hapo ndipo penye siri yote.

Ningependa kuona mambo yafuatayo katika sheria mpya. Fidia ya mifugo itenganishwe na ya vifo na majeraha, iwe na mfuko wake, na mfuko huo ugawiwe kaunti mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Viwango vitangazwe kila Januari kwa kila aina ya mnyama na umri wake, kwa kufuata bei za masoko ya mifugo ya eneo husika, na malipo yawe sehemu iliyotajwa wazi ya viwango hivyo kulingana na uimara wa boma. Wakaguzi wa kata wafundishwe na walipwe, wauone mzoga ndani ya saa 24, na uamuzi utolewe kwenye kata huku kamati ya kaunti ikibaki na kazi ya rufaa na ya kukagua kwa kushtukiza. Fedha ziingie kwenye simu ya mfugaji ndani ya siku 30. Zikichelewa, ziongezewe riba, kwa sababu serikali isiyolipia kuchelewa haitaacha kuchelewa. Waliodai tangu 2014 wasiingizwe katika mpango huu mpya. Walipwe kwa ratiba yao iliyochapishwa, jina kwa jina. Dawa ya deni ni kulipa.

Pingamizi moja limebaki, nalo hutolewa na watu wangu wa karibu katika mijadala hii, watetezi wa wafugaji. Wanasema kukubali sehemu ya bei ni kusalimisha haki iliyopiganiwa hadi 2013, na kwamba leo ukikubali theluthi mbili kesho utapewa robo. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa serikali zetu ni hodari wa kupunguza na wazito wa kuongeza. Ndiyo maana sehemu hiyo lazima iandikwe ndani ya sheria yenyewe, isiachiwe kanuni ambazo waziri anaweza kuzibadilisha kwa tangazo la gazeti la serikali, na ndiyo maana bei za msingi zifuate soko kila mwaka. Haki ya bei kamili tunayoitetea sasa ipo kwenye karatasi, na wanaoishi nayo wanajua kwamba haijawahi kuwanunulia mbuzi. Wapo wafugaji wa Samburu, Laikipia, Narok na Taita Taveta wanaozeeka na nakala za fomu zao mkononi.

Kwa wabunge wa kaunti hizo, pamoja na wenzenu wa Kajiado, ombi ni hili. Mkiketi kuirekebisha Sheria ya Wanyamapori, msianze na kubishania kiwango cha ng'ombe. Ombeni kwanza mfuko wa mifugo utengewe fedha zake, ombeni mkaguzi wa kata, na ombeni siku 30 ziandikwe ndani ya kifungu cha 25. Mkipata hayo, kiwango mtakibishania kila mwaka mkiwa na wafugaji waliolipwa nyuma yenu.